Kodi ya Kazi ya Pili ya Muda Nchini Kenya: Jinsi ya Kuihesabu, Kuitenga na Kuilipa

Mtu aliyeajiriwa nchini Kenya anapopata kazi ya pili ya muda, iwe ni kusahihisha mitihani ya KCSE mwishoni mwa mwaka, kusimamia kituo cha kupigia kura, kufundisha madarasa ya jioni chuoni au kushika nafasi ya mfanyakazi aliye katika likizo ya uzazi, mara nyingi huitazama hati ya mshahara wa kazi hiyo, akaona kodi imekatwa, akaamini kwamba hesabu yake na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) imekwisha. Kwa kawaida haijaisha. Miezi mingi baadaye, anapojaza ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka kwa KRA, mtambo wa KRA wa mtandaoni uitwao iTax humwonyesha deni ambalo hakulitarajia, na wakati huo fedha zenyewe zimekwisha kulipia karo au kumalizia nyumba.

Deni hilo halimaanishi kwamba mwajiri ameiba, wala kwamba KRA imeongeza kodi kwa siri. Linatokana na jambo moja ambalo waajiri wachache hulieleza: kila mwajiri huhesabu kodi kana kwamba mshahara anaokulipa yeye ndio mapato yako yote, ilhali sheria hutoza kodi jumla ya mapato yako ya mwaka mzima, kuanzia tarehe 1 Januari hadi tarehe 31 Desemba. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni lako wewe mfanyakazi kuliziba. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu wanaoumizwa zaidi na pengo hilo ni watu waaminifu ambao hawajawahi kukwepa kodi, na kwa sababu hesabu yenyewe si ngumu kwa mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu.

Tambua kwanza umeingia kwa mkataba gani

Kabla ya hesabu yoyote, soma mkataba wa kazi ya pili ujue kama umeajiriwa au umepewa kazi ya kutoa huduma. Ukiwa mwajiriwa, hata kwa miezi miwili tu, mwajiri hukupangia saa za kazi, hukupa vifaa, hukusimamia, na hukukata kila mwezi kodi ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayotolewa kwenye mshahara kabla hujaupokea. Ukiwa mtoa huduma, unakubaliana na mteja kuhusu kazi fulani na malipo yake, unaifanya kwa utaratibu wako, unawasilisha ankara, na mteja anakata kodi ya zuio, yaani sehemu ya malipo yako anayoipeleka KRA, badala ya PAYE. Jina la mkataba pekee halitoshi kuamua, kwa kuwa kuna taasisi zinazowaita wafanyakazi wao washauri huku zikiwataka waripoti saa mbili asubuhi kila siku. Hata hivyo, kwa ajili ya ritani yako, njia ya haraka ya kujua ni kuuliza siku ya kwanza utapewa karatasi gani mwishoni: fomu ya P9 ambayo hupewa mwajiriwa na huonyesha mshahara na kodi iliyokatwa mwezi kwa mwezi, au cheti cha kodi ya zuio ambacho hupewa mtoa huduma. Uliza mapema, kwa maana mradi wa muda ukishafungwa na ofisi yake kuhamishwa, kumpata mtu wa kukutolea karatasi hizo huwa ni kazi nyingine.

Kwa nini makato ya waajiri wawili hayatoshi

Viwango vya PAYE vinavyotumika tangu tarehe 1 Julai 2023 vimepangwa kwa ngazi. Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, shilingi 467,667 zinazofuata asilimia 30, shilingi 300,000 zinazofuata asilimia 32.5, na kinachozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 35. Kodi ikishahesabiwa hivyo, mkazi wa Kenya hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 28,800 kwa mwaka, na hii ndiyo inayoitwa nafuu ya kibinafsi. Kiasi kinachotozwa kodi ni kile kinachobaki baada ya kuondoa michango inayoruhusiwa, yaani mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na, tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa bima ya afya ya SHIF wa asilimia 2.75 pamoja na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Katika mifano yote iliyo hapa chini, nitatumia kiasi kilichobaki baada ya michango hiyo.

Ngazi za chini, zile za asilimia 10 na asilimia 25, zimewekwa ili kila mtu azitumie mara moja, na nafuu ya kibinafsi vilevile ni moja kwa kila mtu. Mwajiri wa kwanza anapokuhesabia huzitumia zote. Mwajiri wa pili, ambaye haoni chochote kuhusu mshahara wako wa kwanza, naye huanza upya kutoka ngazi ya chini, na asipojulishwa hukupa pia nafuu ya pili. Mwisho wa mwaka, iTax huunganisha mapato yote mawili katika ngazi moja na kutambua nafuu moja tu.

Tuseme mwalimu ana mshahara wa shilingi 60,000 unaotozwa kodi kila mwezi. Mwajiri wake humkata shilingi 2,400 kwa ngazi ya kwanza, shilingi 2,083.25 kwa ngazi ya pili, na shilingi 8,300.10 kwa shilingi 27,667 zinazobaki, jumla shilingi 12,783.35, kisha humwondolea nafuu ya shilingi 2,400. Kodi inayokatwa ni shilingi 10,383.35 kwa mwezi, sawa na takriban shilingi 124,600 kwa mwaka. Mwalimu huyo anapata kazi ya jioni ya miezi mitatu yenye malipo ya shilingi 40,000 kwa mwezi yanayotozwa kodi. Mwajiri wa pili anahesabu kuanzia chini, anapata shilingi 6,783.35, anaondoa nafuu, na kukata shilingi 4,383.35, ambazo kwa miezi mitatu ni takriban shilingi 13,150. Kwa jumla mwalimu amekatwa shilingi 137,750.

Sasa tazama hesabu ya mwaka. Mapato yake ni shilingi 720,000 kutoka kazi ya kwanza na shilingi 120,000 kutoka ya pili, jumla shilingi 840,000. Shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, yaani shilingi 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, yaani shilingi 25,000. Na shilingi 452,000 zilizobaki zinatozwa asilimia 30, yaani shilingi 135,600. Jumla ni shilingi 189,400, na baada ya kuondoa nafuu moja ya shilingi 28,800 inabaki kodi ya shilingi 160,600. Ukitoa shilingi 137,750 alizokwisha kukatwa, anadaiwa shilingi 22,850. Kiasi hicho ni zaidi ya nusu ya malipo ya mwezi mmoja wa kazi ya pili, na hakuna mwajiri hata mmoja aliyekosea kujumlisha.

Wenye mishahara midogo ndio wanaoshtuka zaidi. Mtu anayelipwa shilingi 22,000 kwa mwezi hakatwi PAYE hata shilingi moja, kwa sababu asilimia 10 ya mshahara huo ni shilingi 2,200 na nafuu ya shilingi 2,400 huifuta. Akipata kazi ya miezi mitatu ya shilingi 18,000 kwa mwezi na mwajiri wa pili naye akampa nafuu, huko pia hakatwi kitu. Lakini jumla ya mwaka ni shilingi 318,000. Shilingi 288,000 za kwanza zinazaa kodi ya shilingi 28,800 ambayo inafutwa na nafuu, na shilingi 30,000 zinazozidi zinatozwa asilimia 25. Anadaiwa shilingi 7,500 ilhali hati zake zote za mshahara zimeonyesha sifuri mwaka mzima. Mtu wa namna hii akifikiri kwamba ritani haimhusu kwa kuwa hakukatwa kodi, atakuwa na deni na adhabu juu yake.

Ukitaka kukadiria bila hesabu ndefu, angalia mshahara wako mkuu umefika ngazi gani. Ikiwa unaotozwa kodi unazidi shilingi 32,333 kwa mwezi kwa mwaka wote, basi ngazi za chini zimekwisha kutumika, na kila shilingi ya kazi ya pili inatozwa asilimia 30 hadi mapato yote ya mwaka yafike shilingi milioni 6. Chukua asilimia 30 ya malipo ya kazi ya pili, toa kile ambacho mwajiri wa pili amekata, na kilichobaki ndicho utakachodaiwa. Ikiwa mshahara mkuu uko kati ya shilingi 24,000 na shilingi 32,333, tumia asilimia 25 hadi jumla ya mwaka ifike shilingi 388,000, kisha asilimia 30 kwa kinachozidi hapo.

Mwambie mwajiri wa pili kwamba yeye ni wa pili

Katika ritani ya kila mwezi ambayo waajiri hupeleka KRA, ijulikanayo kama P10, kila mfanyakazi huandikwa kama mwajiriwa wa msingi au mwajiriwa wa pili. Anayeandikwa kuwa wa pili hapewi nafuu ya kibinafsi. Mwajiri hawezi kubahatisha jambo hili, na tangu Sheria ya Fedha ya 2025 kuwataka waajiri wazingatie nafuu zote zinazostahili wanapokokotoa PAYE, ukimya wako una uwezekano mkubwa zaidi wa kukuletea nafuu ambayo huistahili. Kwa hiyo siku unapotoa PIN yako, yaani nambari ya mlipa kodi uliyopewa na KRA, na akaunti ya benki, mwandikie afisa wa mishahara barua fupi au ujumbe wa barua pepe ukisema kwamba una ajira nyingine inayokupa nafuu ya kibinafsi na kwamba unaomba uandikwe kama mwajiriwa wa pili.

Mwalimu wetu wa mfano akifanya hivyo, mwajiri wa pili atamkata shilingi 6,783.35 badala ya shilingi 4,383.35, na deni la mwisho wa mwaka litashuka kutoka shilingi 22,850 hadi shilingi 15,650. Halitaisha, kwa sababu ngazi za chini bado zimetumika mara mbili, lakini shilingi 7,200 zitakuwa zimelipwa taratibu bila kuumiza. Unaweza pia kumuuliza mwajiri kama yuko tayari kukukata asilimia 30 kwa hiari yako. Wengine hukubali, wengine mifumo yao ya mishahara haiwaruhusu, na akikataa usigombane naye. Fedha hizo utazitenga mwenyewe.

Wapo wanaonyamaza kwa kuhofia kwamba kodi itamfichulia mwajiri wa kwanza habari za kazi ya pili. Ritani yako haipelekwi kwa mwajiri yeyote, P9 ya kila mwajiri huonyesha malipo yake tu, na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inawafunga maafisa wa KRA kutunza siri ya habari za mlipa kodi. Kama mkataba wako mkuu unakutaka uombe ruhusa kabla ya kufanya kazi nyingine, hilo ni suala la mkataba na unapaswa kulimaliza na mwajiri wako. Kuficha kodi hakulitatui.

Kuhusu michango mingine, ushuru wa nyumba na SHIF hukatwa kama asilimia ya mshahara ghafi, kwa hiyo usishangae kuziona katika hati ya kila mwajiri. Katika hesabu ya kodi michango hiyo inakupunguzia kidogo, na ndiyo maana ni muhimu P9 ya kila mmoja iwe imeiandika.

Ukiwa umelipwa kama mtoa huduma

Malipo ya huduma za kitaalamu, ushauri, usimamizi au mafunzo kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 yanapofika shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, na malipo ya ukandarasi hukatwa asilimia 3. Neno la kuzingatia hapa ni kwamba asilimia hiyo ni malipo ya awali. Watu wengi huona asilimia 5 ikikatwa na kushukuru kwamba kodi yao ni nafuu kuliko ya mwajiriwa. Kwa ukweli, mapato hayo huunganishwa na mshahara katika ritani na kutozwa kwa ngazi zilezile, kisha kile kilichozuiwa huondolewa katika deni.

Kama mwalimu wetu angepata shilingi 120,000 kwa kuendesha mafunzo badala ya kuajiriwa, mteja angezuia shilingi 6,000 na kumlipa shilingi 114,000. Faida ya njia hii ni kwamba gharama zilizotumika kwa ajili ya kazi hiyo pekee zinaweza kuondolewa kabla ya kodi, jambo ambalo mwajiriwa wa kawaida hawezi kulifanya na nauli yake ya kwenda kazini. Tuseme alitumia shilingi 15,000 kukodi projekta na kuchapisha vitabu vya mafunzo. Kinachotozwa ni shilingi 105,000. Asilimia 30 yake ni shilingi 31,500. Akiondoa shilingi 6,000 zilizozuiwa, anadaiwa shilingi 25,500. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama za biashara, isipokuwa za aina chache zilizotajwa katika sheria, haziondolewi bila ankara ya kielektroniki ya eTIMS, kwa hiyo risiti ya kuandikwa kwa mkono kutoka kwa mchapishaji haitakusaidia. Mteja wako naye atakudai ankara ya eTIMS kwa sababu hiyohiyo. Jisajili kabla ya kazi kuanza, wala usisubiri siku ya kulipwa.

Mteja akishalipa kodi aliyozuia, mfumo hutoa cheti chenye nambari yake ambacho hutumwa kwa barua pepe uliyoisajili iTax. Kisipofika, mdai mteja mara moja, kwani bila cheti huna cha kuonyesha kwamba shilingi 6,000 zilikatwa, na iTax haitakuondolea. Na kama umelipwa kwa M-Pesa na mtu binafsi bila kukatwa chochote, mapato hayo bado yanatozwa kodi na yanaingia katika ritani kwa ukamilifu wake.

Tenga fedha na uijue tarehe 30 Aprili

Ushauri wangu wa dhati ni kutenga fedha za kodi siku ileile malipo ya kazi ya pili yanapoingia, katika akaunti ambayo huigusi kwa matumizi ya kila siku. Kwa mwalimu wetu aliyepewa nafuu mara mbili, ni takriban shilingi 7,620 kwa kila mwezi wa kazi ya pili. Kiasi hiki ni rahisi kukivumilia mwezi ambao una mishahara miwili, na ni kizito sana mwezi wa Juni ambapo umebaki na mmoja.

Wakenya wengi wanaijua tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka uliotangulia. Wachache wanajua kwamba deni la kodi linatakiwa kulipwa kabla ya hapo, kufikia tarehe 30 Aprili. Anayewasilisha na kulipa mwishoni mwa Juni huwa hajachelewa kuwasilisha, lakini amechelewa kulipa, na sheria hutoza adhabu ya asilimia 5 ya kodi iliyochelewa pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kwa deni la shilingi 22,850, hiyo ni adhabu ya shilingi 1,142.50, na riba ya shilingi 228.50 kwa kila mwezi. Adhabu ya kuchelewesha ritani yenyewe kwa mtu binafsi ni asilimia 5 ya kodi au shilingi 2,000, kutegemea ipi ni kubwa. Ni heri basi kufanya kazi yote mwezi wa Machi, mara tu unapozipata P9 zote mbili.

Kuna pia utaratibu wa kulipa kodi kwa awamu nne ndani ya mwaka, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, lakini haumhusu mtu ambaye kodi yake ya awamu kwa mwaka haizidi shilingi 40,000, na kwa hiyo kazi nyingi za muda hazimfikishi mtu huko.

Kujaza ritani yenye waajiri wawili

Weka P9 zote mbili mezani kabla ya kuingia iTax. Juu ya kila moja utaona jina na PIN ya mwajiri na PIN yako. Hakikisha PIN yako haina kosa hata la herufi moja. Chini yake kuna safu za miezi kuanzia Januari hadi Desemba, na katika fomu ya kazi ya muda miezi ambayo hukufanya kazi inapaswa kuwa sifuri. Pitia kutoka mshahara ghafi, michango, kiasi kinachotozwa kodi, kodi iliyohesabiwa, nafuu ya kibinafsi, hadi PAYE iliyokatwa. Simama kwenye safu ya nafuu. Ukiona shilingi 2,400 katika miezi ileile kwenye fomu zote mbili, umekwisha kujua kwamba utakuwa na deni kubwa zaidi, na sababu yake unaijua kabla mfumo haujakuambia. Linganisha pia PAYE iliyo kwenye P9 na ile iliyo kwenye hati zako za mshahara za kila mwezi. Tofauti ikitokea, mwandikie mwajiri kabla ya kuwasilisha ritani.

Ingia iTax kwa PIN na nywila yako, chagua kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato ya mkazi binafsi, na uweke kipindi cha tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba cha mwaka uliopita. Kama mapato yako yote ni ya ajira, ritani ya mapato ya ajira pekee inatosha, na taarifa ambazo waajiri wamekwisha kuwasilisha hujitokeza zenyewe. Usiziamini bila kuzikagua. Inatokea mara nyingi kwamba mwajiri mkuu yumo na wa muda hayumo, na kutokuwepo kwake katika fomu hakukuondolei wajibu wa kumtaja. Kama una mapato ya huduma pia, tumia fomu kamili ya IT1, ambapo mapato na gharama za huduma huingia katika sehemu ya biashara.

Katika fomu hiyo kamili, sehemu F ni ya mapato ya ajira. Kila mwajiri anapata mstari wake, na mstari wa kila mmoja unaanza na PIN yake. Usijumlishe P9 mbili ukaziandika chini ya mwajiri mmoja, kwani KRA italinganisha mstari huo na ritani za mwajiri na kukuta hazikubaliani. Sehemu M ni ya PAYE iliyokatwa, na humo pia kila mwajiri ana mstari wake, kwa tarakimu zilezile za P9. Vyeti vya kodi ya zuio vina sehemu yao na huandikwa kwa nambari ya kila cheti. Nafuu ya kibinafsi huandikwa mara moja tu, na haipiti shilingi 28,800 hata kama P9 mbili zikijumlishwa zinaonyesha zaidi. Hapa ndipo wengine hujaribu kuandika jumla ya nafuu zote mbili ili deni lipotee. Mfumo hautakubali, na kama ungekubali, ungekuwa umetoa taarifa isiyo ya kweli kwa mamlaka ya serikali.

Sehemu T huonyesha matokeo. Ilinganishe na hesabu uliyoifanya mwenyewe kwa mkono. Zikikaribiana, wasilisha na uhifadhi risiti ya uthibitisho. Zikipishana kwa maelfu, rudi kwenye sehemu F na M utafute mwajiri uliyemsahau au tarakimu iliyoingia katika safu isiyo yake, kwa sababu karibu kila mara kosa liko hapo.

Kulipa ni hatua inayojitegemea, na ritani iliyowasilishwa bila malipo hulifanya deni kuwa rasmi bila kulilipa. Katika iTax, sajili malipo, chagua kodi ya mapato ya mkazi binafsi, aina ya malipo iwe kodi ya kujikadiria, na uweke mwaka husika. Mfumo utakupa hati yenye nambari ya malipo. Lipa benki, au kwa M-Pesa kupitia nambari ya biashara ya serikali 222222, ukiandika nambari hiyo ya malipo mahali pa akaunti. Usilipe kamwe katika nambari ya simu ya mtu aliyekusaidia kujaza ritani, hata akiahidi kukulipia papo hapo.

Wakati mwingine hesabu huelekea upande wa pili. Kama kazi kuu ilikwisha Juni na kazi ya muda ikaanza Agosti, mapato hayakupandana, na kwa kuwa ngazi za mwaka huhesabiwa kwa miezi 12 ilhali makato yalifanywa kwa miezi uliyofanya kazi tu, inawezekana ukawa umekatwa zaidi ya unachodaiwa. Sehemu T itaonyesha kiasi cha kurejeshewa, nawe utawasilisha ombi la kurejeshewa kupitia iTax ukiambatisha P9 zako. Ombi la namna hii huchunguzwa kabla ya kukubaliwa, na huwa jepesi kulithibitisha pale ambapo waajiri wote wawili walipeleka P10 zinazolingana na fomu ulizo nazo.

Kama mwaka uliopita uliisahau kazi ya pili

Ritani iliyokwisha kuwasilishwa inaweza kurekebishwa ndani ya miaka 5. Fungua ritani ya mwaka huo kama ritani ya marekebisho, ongeza mwajiri uliyemwacha na PAYE aliyokata, na ulipe tofauti pamoja na riba. Fanya hivyo kabla KRA haijakuandikia, kwa maana mwajiri wa pili alikwisha kuipa PIN yako na kiasi alichokulipa katika P10 za kila mwezi, na kulinganisha taarifa hizo na ritani yako ni kazi ya kompyuta. Ikiwa tayari umepokea makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuyapinga kwa maandishi, ukieleza sababu na kuambatisha P9, hati za mshahara na taarifa za benki. Ndiyo maana karatasi hizo hutunzwa kwa miaka 5 hata kama kazi yenyewe ilidumu wiki sita.

Na kama deni ni la haki lakini huwezi kulilipa kwa mara moja, andika KRA kabla ya tarehe ya mwisho ukiomba kulipa kidogo kidogo, utaje kiasi unachoweza kutoa kila mwezi na tarehe utakayokitoa. Ukikubaliwa, riba itaendelea kuhesabiwa juu ya salio hadi liishe, kwa hiyo pendekeza kiasi kikubwa kadiri mshahara wako utakavyoruhusu, na uanze kulipa mwezi uleule wa makubaliano.